Ukae mkoa gani wa Ufaransa kwenye likizo yako: mwongozo kamili

Anayepanga likizo ya Ufaransa kwa mara ya kwanza aghalabu huanza na orodha ndefu: Paris siku mbili, Mont-Saint-Michel siku moja, Nice siku mbili, milima ya Alpi kidogo, halafu Strasbourg kwa sababu picha zake zinavutia. Kila mahali hapo panastahili safari, lakini ratiba ya namna hiyo huliwa na treni na mabegi. Ufaransa ya Ulaya ina takriban kilomita za mraba 550,000, ndogo kidogo tu kuliko Kenya. Hakuna mtu wa Nairobi anayepanga Lamu, Kisumu, Turkana na Mombasa ndani ya wiki moja akategemea kupumzika.

Ushauri wangu ni huu, na mwongozo mzima umejengwa juu yake: wiki moja, mkoa mmoja, kitanda kimoja. Ukiwa na wiki mbili, chukua mikoa miwili inayopakana au iliyounganishwa kwa treni moja. Paris ipewe siku mbili au tatu mwanzoni au mwishoni, isiwe kituo cha kurudi kila jioni.

Jambo moja kuhusu majina kabla ya kuanza. Tangu 2016 Ufaransa ya Ulaya ina mikoa 13 ya kiserikali, na baadhi ni mikubwa mno kumsaidia msafiri. Nouvelle-Aquitaine peke yake ina kama kilomita za mraba 84,000, kutoka milima ya Pyrénées hadi karibu na mto Loire. Kwa hiyo unapotafuta malazi, tumia majina ya zamani ambayo Wafaransa wenyewe bado wanayatumia: Alsace, Périgord, Provence, Savoie, Bourgogne. Ukiandika "Grand Est" utaletewa Alsace na Champagne kwa pamoja, na kati yake kuna safari ya saa kadhaa.

Hatua ya 1: Anza na mwezi

Mwezi huamua mengi kuliko bajeti. Julai na Agosti shule zote zimefungwa na Wafaransa wanahama nyumba zao kuelekea baharini. Barabara kuu ya A7 inayoshuka bonde la Rhône hufurika magari siku za Jumamosi, joto la kusini hupanda hadi nyuzi 35 na zaidi, na nyumba ya kupanga Provence hugharimu bei yake ya juu kabisa ya mwaka. Kama likizo yako ni Agosti na huna namna, nenda kaskazini-magharibi, Bretagne au Normandie, au panda milimani. Huko Agosti ni neema.

Kusini kuna raha yake Juni na Septemba. Bahari ya Septemba bado ina joto la kiangazi chote, watoto wa shule wamerudi madarasani, na bei zimeshuka. Ila anayefuata mashamba ya lavenda ya uwanda wa Valensole asiende Septemba. Lavenda huchanua kuanzia katikati ya Juni hadi karibu katikati ya Julai, kisha hukatwa, na baada ya hapo hubaki mistari ya vichaka vya kijivu. Picha unazoziona mitandaoni zote zimepigwa ndani ya wiki hizo chache.

Desemba ni ya Alsace. Soko la Krismasi la Strasbourg lina historia inayorudi nyuma hadi 1570, na mji wote huwaka taa kuanzia mwishoni mwa Novemba. Februari Nice ina tamasha lake la mitaani, na mji jirani wa Menton husherehekea ndimu zake. Mwezi huohuo ndio wa kuteleza kwenye theluji. Angalia kanda za likizo za shule, A, B na C, ambazo hupeana zamu: kanda ya C ndiyo yenye Paris, na wiki zake hufanya bei za milimani kupaa. Epuka Cannes wakati wa tamasha la filamu la Mei, na Avignon ya Julai kama hukufuata tamthilia. Tamasha la Avignon limekuwepo tangu 1947, na wakati wake vitanda huisha mapema.

Sisi tuliozoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima tuzingatie pia urefu wa mchana. Paris mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na Bretagne huchelewa zaidi, kwa hiyo Muislamu ajue kwamba Isha humkuta katikati ya usiku. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Ratiba ya majumba na bustani uliyoipanga kwa saa za kiangazi haitakamilika wakati wa baridi.

Hatua ya 2: Jibu swali la gari kwa ukweli

Kuna Ufaransa ya treni na Ufaransa ya gari. Ukiyachanganya haya mawili, likizo inaharibika.

Kwa treni ya mwendo kasi, TGV, kutoka Paris unafika Lille kwa saa moja, Rennes kwa saa moja na nusu, Strasbourg kwa saa moja na dakika 46 hivi, Lyon na Bordeaux kwa takriban saa mbili, Marseille kwa saa tatu na kidogo. Nice inafikiwa kwa karibu saa sita, maana baada ya Marseille treni hutambaa kando ya bahari. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle una stesheni yake ya TGV chini ya Terminal 2. Ukitua asubuhi unaweza kwenda Lyon, Lille au Marseille bila kuingia Paris kabisa, na mwenye watoto na masanduku manne hataisahau faraja hiyo.

Mikoa inayodai gari ni Périgord, kisiwa cha Corse, Provence ya ndani yenye vijiji vya Luberon, Auvergne, na sehemu kubwa ya Bretagne ya mashambani. Basi linaweza kuwepo, lakini mara nyingi ni la wanafunzi: hupita asubuhi na jioni, na likizo ya shule ikianza hupungua.

Kama unatoka Kenya, Tanzania au Uganda, kumbuka Ufaransa wanaendesha upande wa kulia. Mtu wa Kigali, Bujumbura au Bukavu hana shida hiyo. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva nyumbani kabla ya kuondoka. Kampuni nyingi za kukodisha hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa kaunta hata kama ina pesa za kutosha. Magari ya gia za mkono ndiyo mengi. Anayetaka otomatiki aagize mapema na alipe zaidi. Barabara kuu nyingi ni za kulipia, weka hiyo kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Unasafiri na nani, na mnakula nini

Watoto wadogo wanataka mchanga, na mchanga mzuri uko Atlantiki na Bretagne. Ufukwe wa Nice ni wa kokoto tupu. Unapendeza machoni, unaumiza nyayo. Wazee msiwapeleke kwenye vijiji vya juu ya vilima vya Provence kukaa wiki nzima, kwa sababu kila safari ya mkate ni ngazi. Wapeni Annecy, mji tambarare kando ya ziwa, au Strasbourg yenye tramu.

Chakula ni suala zito kwa familia nyingi za kwetu na linastahili kuamua mkoa. Alsace vyakula vingi vya asili vina nguruwe: choucroute, yaani kabichi iliyochachushwa, imejaa soseji, na tarte flambée, mkate mwembamba wa kuokwa, kwa kawaida hunyunyiziwa vipande vya nyama hiyo. Périgord ni nchi ya bata, tena bata anayepikwa kwa mafuta yake mwenyewe, na bucha ya halali huipati kirahisi vijijini. Anayekula halali atapata nafuu kwenye miji mikubwa: Marseille, Lyon, Strasbourg, na Paris yenyewe, ambako Msikiti Mkuu umesimama tangu 1926. Bretagne nako kuna njia rahisi: samaki, kome, na galette, ambayo ni kama chapati ya maji ya unga wa rangi ya kahawia, ikakunjwa na yai na jibini ndani. Waambie mapema wasiweke "jambon", nyama ya paja la nguruwe, kwa sababu ndivyo wanavyoizoea.

Wakatoliki wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo wana jina moja tayari kichwani: Lourdes, chini ya milima ya Pyrénées, ambako Bernadette Soubirous alisimulia kutokewa na Bikira Maria mwaka 1858. Msimu wa mahujaji wa makundi ni Aprili hadi Oktoba, na hoteli za karibu na mto hujaa kabisa kuelekea 15 Agosti. Ukienda Lourdes, kaa siku tatu kisha panda milima ya jirani. Watu wengi huondoka bila kuiona, na ni milima yenye uzuri wa kushukuru Mungu. Vijana wanaotaka sala na maisha ya pamoja kwa gharama ndogo waangalie Taizé, kijiji cha Bourgogne.

Hatua ya 4: Linganisha mikoa

Nitaanza na ule ninaoupendekeza zaidi kwa anayesafiri bila gari na anataka bahari, yaani Provence, kwa kukaa Marseille. Wengi huiogopa Marseille kwa sababu ya sifa yake mbaya. Mizigo ilindwe na simu isiachwe juu ya meza, kama mji wowote mkubwa. Lakini hakuna mji mwingine wa Ufaransa ambako msafiri wa pwani yetu atajihisi amepokewa namna hii. Kuna jumuiya kubwa ya Wakomori, iliyokaa hapo kwa vizazi, na mtu wa Unguja au Mombasa akisikia mazungumzo yao kwenye basi atakamata maneno mengi bila kufundishwa. Mtaa wa Noailles, hatua chache kutoka bandari ya zamani, una soko la viungo, mihogo, samaki wakavu na matunda. Kutoka bandari hiyohiyo boti huenda visiwa vya Frioul na ngome ya If. Treni za mkoa zinakufikisha Aix, Arles yenye uwanja wa michezo wa Warumi, na Avignon ya kasri la Mapapa, ukaenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kati ya Marseille na Cassis kuna Calanques, hori nyembamba za maji ya samawati zilizobanwa na majabali meupe. Ni hifadhi ya taifa tangu 2012. Kiangazi njia za miguu hufungwa siku zenye hatari ya moto, na tangazo hutolewa jioni ya siku iliyotangulia. Hori ya Sugiton nayo huhitaji kibali cha bure cha mtandaoni katika kipindi cha msongamano. Beba maji ya kutosha, njiani hakuna duka. Kuna adui mmoja zaidi wa kumjua: mistral, upepo mkavu unaoshuka bonde la Rhône, hata siku kadhaa mfululizo. Huacha anga safi kabisa na bahari isiyoogeleka.

Bretagne ni chaguo langu la Agosti, na ukitaka kuielewa, kaa Saint-Malo. Sehemu kubwa ya mji huu ndani ya kuta ilibomolewa kwa mabomu mwaka 1944 ikajengwa upya kwa mawe. Kinachotawala maisha pale ni maji kujaa na kupwa. Sisi wa pwani tunajua bamvua, lakini Zanzibar tofauti ya maji ni kama mita 4. Saint-Malo inaweza kupita mita 12. Maji yakipwa, bahari hukimbia na kuacha uwanja wa mchanga, na unaweza kutembea kwa miguu hadi kisiwa cha Grand Bé. Yakianza kujaa huna muda wa kupiga picha ya mwisho: njia inafunikwa, na aliyechelewa hukaa kisiwani saa kadhaa hadi maji yapungue tena. Ufuko wa Bon-Secours una bwawa lililojengwa kwa ukuta ufukweni. Bahari hulijaza, na ikiondoka watoto wanabaki wakiogelea humo kwa usalama. Ratiba ya maji hupatikana ofisi ya utalii na kwenye hoteli. Kila siku hupewa namba ya nguvu ya maji, kati ya 20 na 120. Ikizidi 90 jua ni bamvua kubwa. Hali ya hewa hubadilika mara tatu kwa siku moja, hivyo koti la mvua linahitajika hata Agosti. Mwenye gari aongeze mawe yaliyosimamishwa ya Carnac, zaidi ya 3,000 kwa safu, na majabali ya waridi ya Ploumanac'h.

Mont-Saint-Michel iko jirani, ila ni ya Normandie. Normandie inamfaa anayependa historia: fukwe tano ambako majeshi ya Washirika yalitua 6 Juni 1944, na makaburi ya Wamarekani pale Colleville-sur-Mer yenye misalaba zaidi ya 9,000. Kaa Bayeux. Kitambaa chake maarufu kilichotariziwa (Bayeux Tapestry) hakionekani hapo kwa sasa, jumba lake la makumbusho limefungwa tangu Septemba 2025 kwa ujenzi hadi 2027.

Alsace ni nyepesi kuliko zote kwa asiye na gari. Strasbourg hadi Colmar ni nusu saa ya treni, nyumba za mbao na udongo zimepakwa rangi, na Ujerumani iko ng'ambo ya mto kwa tramu. Mwenye ndugu Ujerumani anaweza kuunganisha safari mbili kwa nauli ndogo.

Bonde la Loire ni la majumba ya wafalme, na kituo kizuri ni Amboise au Tours. Tembelea Chenonceau na Chambord, siku moja kila moja. Majumba matatu kwa siku hugeuka kuwa vyumba visivyokumbukika. Siku nne zinatosha mkoa mzima.

Savoie ina Mont Blanc, mita 4,800 na kitu, fupi kwa zaidi ya kilomita moja kuliko Kilimanjaro, lakini unaweza kuikaribia kwa kibanda kinachovutwa kwenye kamba ya angani hadi kilele cha Aiguille du Midi, kutoka Chamonix hadi mita 3,842. Mwenye presha au mtoto mchanga asipande bila ushauri wa daktari.

Périgord ni ya mwenye gari na asiye na haraka. Pango la Lascaux liligunduliwa 1940 likafungwa kwa umma 1963 ili michoro yake ya kale isiharibike. Unachotembelea leo ni nakala kamili iliyofunguliwa 2016, na imefanywa kwa uangalifu wa hali ya juu. Côte d'Azur ni ghali, ila treni ya pwani kutoka Cannes hadi Menton inakuwezesha kukaa Antibes au Nice na kuona yote. Corse ni nzuri sana na ni safari yenyewe, si ya kuongezea juu ya nyingine.

Hatua ya 5: Ndani ya mkoa, chagua mji wa kulala

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: mtu anachagua mkoa sahihi kisha anapanga nyumba kilomita 12 kutoka duka la karibu. Fungua ramani uangalie vitu vinne kwa miguu: stesheni, mwoka mikate, duka la vyakula, duka la dawa. Chunguza ni stesheni ipi. Avignon TGV na Aix-en-Provence TGV ziko nje ya miji yenyewe. Ya Aix iko mbali kiasi cha kuhitaji basi. Uliza siku ya gulio: Sarlat ni Jumatano na Jumamosi, L'Isle-sur-la-Sorgue ni Jumapili. Kulala mjini siku ya gulio ni heri, kuingia na gari siku hiyo ni taabu.

Hatua ya 6: Aina ya malazi

Familia ichukue "gîte", nyumba nzima yenye jiko. Julai na Agosti hupangishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo ndege yako ifuate siku hiyo. Soma kama mashuka na taulo vimo, na amana ni kiasi gani. Wawili wanaotaka kuzungumza na wenyeji wachukue "chambre d'hôtes", chumba ndani ya nyumba ya mtu pamoja na kifungua kinywa. Hoteli inafaa kwa usiku mbili tatu mjini. Karibu kila mahali kuna kodi ndogo ya ukaaji kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, wenye umri chini ya miaka 18 hawalipi.

Jiko lina faida nyingine: mikahawa ya mikoani hufunga jiko lake karibu saa nane mchana na haipiki tena hadi saa moja usiku. Ukifika saa tisa na watoto wenye njaa, utapata kahawa tu.

Hatua ya 7: Viza na mpangilio wa malipo

Viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huombwa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Utahitaji uthibitisho wa mahali pa kulala kwa siku zote, ndiyo maana kitanda kimoja kinarahisisha hata makaratasi. Ukikaa kwa ndugu, yeye aombe "attestation d'accueil", hati ya kuthibitisha kwamba atakupokea, kwenye manispaa yake, na aanze mapema. Ukizunguka nchi mbili, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi. Wa Muscat, Dubai au London huomba huko anakoishi kihalali. Viza hii haikuruhusu kwenda Mayotte wala Réunion. Ni ardhi ya Ufaransa lakini ziko nje ya Schengen.

Panga malipo kwa utaratibu huu: malazi yanayoweza kufutwa bila hasara, kisha viza, kisha tiketi za ndege na TGV mara tu viza ikitoka, maana nauli ya treni hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Gari la otomatiki liagizwe wiki hiyohiyo. Ukifika Jumamosi kwenye nyumba ya kupanga, ufunguo kwa kawaida hutolewa alasiri. Piga picha kila chumba kabla ya kufungua mabegi, kwa ajili ya amana yako, kisha nenda dukani jioni hiyohiyo, kwa sababu Jumapili mchana maduka mengi ya mikoani yamefungwa, na baadhi hayafunguki hadi Jumanne.